Mapigo Elfu Mbili

Saa kumi alfajiri Tukuyu haina huruma.
Mvua imelala juu ya bati,
sakafu imekunywa baridi usiku kucha,
nami nimekaa ukingoni mwa kitanda
nikiutazama mguu wangu wa kulia
kama mtu anayemtazama mdeni sugu.

Hatua ya kwanza ndiyo inayochoma.
Ya pili huchechemea, ya kumi huzoea,
na nikifika jikoni, kwenye masufuria ya watoto mia sita,
maumivu yamejificha kama mtoto aliyevunja sahani.
Yanajua nitakaa.
Yanajua nitainuka tena.

Miaka kumi na tisa nasonga ugali wa shule
juu ya saruji ile ile,
mwiko mrefu kuliko mimi,
uzito wote ukishuka begani, kiunoni, gotini,
ukaishia hapo, mahali padogo kama sarafu.

Nimejaribu. Maji ya moto na chumvi.
Chupa ya maji baridi (huku kwetu baridi haitafutwi)
nikaiviringisha kwa unyayo wakati wa taarifa ya habari.
Mama Lugano wa kwaya akaninong'oneza:
"Tupokigwe, umekanyaga kitu."
Ndiyo, nikamwambia. Nimekanyaga saruji.

Mbeya mjini, picha ikaonyesha mwiba wa mfupa.
Kumbe mwiba huweza kuota kutoka ndani!
"Siyo huo unaouma," akasema kijana wa koti jeupe.
"Ni ukano ulio chini yake. Umechakaa,
na mwili umeuzoea ubovu wake.
Tutaugonga mpaka mwili ushtuke,
ukumbuke kwamba hapa kuna kazi haijaisha."

Kisha akanitazama vizuri.
"Shikamoo, Mama Ukoko."

Ambwene! Mtoto wa fundi baiskeli wa Masoko,
aliyekuwa akibaki nyuma ya jiko na sahani yake
nikamkwangulia sufuria.

Akanipaka ute baridi, mlenda mtupu.
Akaelekeza kile chombo chake kama bomba la dawa ya kahawa,
akabonyeza.

Ta-ta-ta-ta-ta.
Si umeme, alisema, ni wimbi,
kishindo tu kinachopita nyamani.
Mimi wimbi nililolijua ni la Matema, lina maji.
Hili lilikuwa na nyundo.
Lilikuwa kigong'ota kwenye mti mkavu,
lilikuwa mchi wa marehemu mama, na mimi ndimi mahindi.

"Unavumilia, mama?"
"Wewe ulipokula ukoko ulioungua, nilikuuliza?"
Akacheka. Akaongeza nguvu.

Kwenye mia saba niliuma kanga.
Kwenye elfu na mia mbili nilitukana kwa Kinyakyusa,
naye akajibu "eena", kwa adabu, huku akihesabu.
Elfu mbili. Kimya.

Kimya kile sisi wa huku tunakijua:
tetemeko limepita, vikombe vimeacha kulia kabatini,
na kila mtu anahesabu watoto wake.

Bima haikulipa. Niliuza mikungu saba ya ndizi na jogoo.
"Na isiposaidia?"
"Wengine haiwasaidii," akasema bila kuficha,
nikampenda kwa hilo.
"Usiidai leo. Ipe wiki sita, hata kumi na mbili.
Nyoosha shavu la mguu ukutani kila asubuhi.
Na hizo ndala, mama, tupa."

Wiki ya kwanza nilimlaani njia nzima mpaka Kiwira.
Ya pili nilimpelekea parachichi.
Ya tatu tuliagana, na mguu ulikuwa vile vile.

Ndala sikutupa. Nimempa mgomba, zinazibia mfereji.

Leo alfajiri mlinzi kagonga: kuni zimelowa.
Nikafungua, tukabishana,
nikamwonyesha palipo na kuni kavu nyuma ya stoo,
nikasimama mlangoni nikisikiliza mvua,
ndipo nikatazama chini.
Miguu miwili. Sakafu.
Hatua ya kwanza ilikuwa imepita zamani
na sikuiona.

Jioni iliuma kidogo.
Kidogo.